Reli ya Mezani, Fidia ya Jirani

Katika mtaa wetu kila anachokifanya mtu mzima lazima kiwe mradi. Ukifuga njiwa, wanataka kujua unamuuzia nani. Ukipanda maua mbele ya nyumba, wanauliza bei ya mche. Mwanamume akionekana anakimbia asubuhi kwa kaptura, wanamhurumia, wanajua daktari amemtisha. Neno lao kubwa ni fursa, na wanalitamka hata msibani, macho yakiwa kwenye viti vya kukodi. Kwa hiyo nilipoanza kujenga reli juu ya meza, katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada yangu, huku uswahilini nyuma ya Kawe, nilijua nitaulizwa inaingiza nini. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wangejijibu wenyewe, na kwamba jibu lao lingemgharimu dada yangu njia ya kutokea nyumbani kwake.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapanda gari, na tangu hapo sijawahi kulala katika chumba kimoja mpaka kalenda ya ukutani ikaisha. Nimeuza mitumba Mpanda, nimepima mpunga Ifakara, nimekuwa utingo wa malori ya Tunduma, nimelinda ghala la dagaa Kigoma. Kila mahali nimepachoka nikiwa hapo na kupatamani nikishaondoka. Mahali ninapopatamani kuliko pote ni kituo kidogo cha reli ya zamani, kati ya Dodoma na Tabora, ambako baba yetu alifanya kazi na ambako mimi na dada tulizaliwa. Watu wa siku hizi wakisikia reli wanafikiria treni ya umeme, inayopita kasi mpaka huwezi kumwona aliyekaa dirishani. Mimi nazungumzia treni iliyofika imechelewa, ikasimama kwa uvivu, ikakupa muda wa kununua karanga, kugombana na muuzaji na kupatana naye.

Dada yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alivunjika nyonga bafuni, akawekewa chuma, na watoto wake, ambao wako Mwanza na Arusha na wanampenda sana kwa simu, wakaniomba mimi nije nikae naye kwa kuwa mimi sina kazi. Walilisema hivyo hivyo. Nikaja. Nilipoona miguu inaanza kuniwasha, nikaangalia ile meza kubwa ya kulia chakula ambayo haikuwa na walaji tena, nikaamua kujenga juu yake kile kituo. Ilikuwa namna ya kusafiri bila kumwacha mgonjwa. Dada alisema, "Sawa, ila nisiokote misumari kwenye ugali." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa.

Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za wazee wa Ulaya waliojenga reli za mezani kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao. Wana subira, nakubali, lakini subira ya mtu anayenunua kila kitu kimeshafungwa kwenye boksi mimi siitambui. Wananunua nyasi. Wananunua kokoto. Wananunua kutu! Kuna kichupa maalumu cha kupaka behewa ili lionekane limezeeka. Huku kwetu weka bati nje tu, upepo wa bahari utakupa kutu mpaka useme basi. Mimi reli nilinyoosha kwa spoki za baiskeli, mataruma ya kulalia reli nikayakata kutoka kwenye vijiti vya mishikaki, na miti yote ya kituo nikaitoa kwenye dodoki la kuogea, nikalichana na kulipaka rangi ya majani. Mota ilitoka kwenye deki mbovu ya video niliyoipata kwa fundi wa Manzese, ambaye alitaka kwanza nimwambie naenda kuitengenezea nini, akaniangalia kama mtu aliyetoroka mahali.

Kichwa cha treni nilimwagiza mchongaji wa Mwenge. Nilimchorea picha safi, upande na mbele. Siku ya kuchukua akanikabidhi kichwa cha treni chenye macho, pua na midomo minene. "Braza, wazungu wanapenda kikiwa na sura," akasema. Nikamwambia mie siyo mzungu. Akasema hilo analiona, ndiyo maana amenipunguzia meno. Nikamwachia mwenyewe, nikaenda kutengeneza kichwa changu kwa kopo la maziwa ya unga.

Kazi ilikwenda vizuri. Jengo la kituo lilisimama, jukwaa likasimama, tangi la maji likapanda juu ya miguu yake. Nilipofika nyuma ya kituo ndipo nikakwama. Nilijua kulikuwa na nyumba, tuliishi katika mojawapo, lakini zilikuwa na sura gani sikukumbuka. Hapo nikafanya uvivu. Nilitazama nje kupitia dirisha, nikaona nyumba za mtaa wetu, nikaziiga. Iliyonikalia vizuri machoni ni ya jirani wa kwenye kona: bati la bluu, tangi jeusi la maji juu ya mnara wa zege, na ukuta mrefu wa tofali uliotokeza mpaka njiani. Nikaikata kwenye katoni na kuibandika pembeni ya reli, pale reli inapokunja kona kuelekea kituoni. Paa lake lilipinda wakati gundi inakauka, nikaliwekea alama ya X ili nikumbuke kulibandua na kulirudia. Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa ya kijani. Ningeshika nyeusi, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Sasa ule ukuta wa kweli, ule wa tofali, ndio uliokuwa shida ya dada. Mtaa wetu haukupimwa. Kila aliyejenga alijenga mpaka pale alipochoka, na njia ikabaki kile kilichosazwa. Bajaji ilikuwa inaishia kwenye kona ya jirani kwa sababu ukuta wake ulibana njia. Dada alipokuwa na kliniki, wanaume wa mtaa walikuwa wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumbeba mpaka barabarani, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati ameshikilia mkoba na uso ameugeuzia ukutani. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa huo kusoma alikuwa anapitishwa mbele ya wanafunzi wake kama kabati linalohamishwa.

Kwa hiyo aliita kikao. Mama mwenyekiti wa mtaa alikuja, jirani wa kona naye akaja, mzee mnene muuza vifaa vya ujenzi, anayezungumza polepole kama anapimia mchanga. Dada alimwomba arudishe ukuta nyuma kidogo, bajaji ipite. Jirani alikubali mbele ya watu wote. "Mwalimu, hilo umeshalipata," alisema, mkono kifuani. "Jumamosi fundi anaingia." Dada alilia kidogo baada ya wao kuondoka, halafu akanikemea kwa kumwangalia.

Siku moja kabla ya hiyo Jumamosi, jirani akaja kumjulia hali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavua viatu, akaingia, na macho yake yakatua mezani.

"Hii nini, mdogo wangu?"

"Reli, mzee."

"Naona kwamba ni reli. Inapita wapi?"

"Inatokea huku, inakunja hapa, inaingia kituoni."

Akainama. Tumbo lilimzuia, akainama tena kwa ubavu. Alitazama bati la bluu, akatazama tangi jeusi, akatazama ukuta wa katoni, na kidole chake kikasimama juu ya X ya kijani bila kuigusa.

"Na hii alama?"

"Paa limepinda, mzee. Nimeweka nikumbuke kulirekebisha."

"Limepinda," akasema, akatabasamu kama mtu anayepewa siri kwa adabu. "Sawa. Kazi zenu zina masharti, najua." Akaenda kukaa na dada, akamsifia afya, akakataa chai, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Anayeishi Dar hahitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni hivi: barabara au reli inapotaka kupita mahali, nyumba zinazoizuia huchorwa X. Watu wa mji huu wanasema X nyekundu unavunjiwa hivi hivi, X ya kijani unalipwa fidia. Wengine wanaiogopa X kama ndui. Lakini wapo wanaoiota, na huyu alikuwa mkubwa wao.

Jumamosi fundi aliingia kweli, na vibarua wawili. Dada alikuwa ameomba nimsogeze dirishani aone ukuta unavyovunjwa. Tukaona ukuta unavyoongezwa. Ulipanda juu, ukachepuka mbele, ukazaa kichumba kisicho na dirisha ambacho hakuna binadamu angekaa ndani yake. Jioni ikaja toroli ya miche ya mipapai, wakaichomeka kwa msongamano kiasi kwamba hakuna ambao ungepata nafasi ya kuzaa. Siku iliyofuata wakachomeka migomba. Ndivyo wanavyofanya wakisikia fidia: kila tofali lihesabiwe, kila mche uhesabiwe, na mtu ambaye hajawahi kumwagilia hata mchicha anageuka mkulima.

"Umemwambia nini huyu?" dada akaniuliza bila kugeuka.

"Nimemwambia ni reli ya mezani."

"Mwambie tena."

Kliniki iliyofuata ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kona njia ilikuwa imebaki nyembamba mpaka wabebaji wakalazimika kupita kiubavu na kuinamisha kiti. Dada aliteleza kutoka kitini, akashika mgomba wa jirani, mgomba ukang'oka na mizizi yake mipya, akashuka nao taratibu mpaka kwenye tope. Hakuumia. Alikaa pale na mgomba mkononi, gauni la kliniki limechafuka, na kutoka nyuma ya ukuta sauti ya jirani ikasema, "Mwalimu, taratibu na mali za watu."

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mzee. Ile reli si ya serikali wala ya kampuni. Ni yangu. Ni ya kuchezea."

"Ya kuchezea."

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mitano."

"Mke?"

"Sina."

"Watoto?"

"Sina, mzee."

"Basi mtu wa arobaini na mitano, hana mke, hana mtoto, amekaa ndani anachezea treni." Hakucheka. Alikuwa amekasirika hasa. "Mdogo wangu, mie nimeuza saruji kwa mainjinia wa kila aina. Wamenidanganya kwa akili. Wewe unanidanganya kama mtoto, unanidharau. Sema tu umeapishwa usiseme, nitakuelewa."

"Sijaapishwa, mzee."

"Hata hilo umeapishwa usiliseme."

Nilisimama pale nikaona kwamba ukweli wangu ulikuwa na sura mbaya kuliko uongo wowote. Mtu huyu aliweza kuamini kwamba serikali imeleta mpango wa reli ukae kwenye meza ya kulia ya mwalimu mstaafu, umetengenezwa kwa dodoki. Alichoshindwa kuamini ni mtu kufanya kitu kwa kuwa anakipenda.

Nikamwita mama mwenyekiti, aje aione meza kwa macho yake na akatoe tamko. Alikuja na hasira za kikazi, akasema habari hizo zinaleta taharuki mtaani, akasema wengine sasa wanakataa kulipia taka kwa kuwa wanahama. Aliizunguka meza mara ya kwanza akiwa kiongozi. Mara ya pili akapunguza mwendo. Mara ya tatu akaniegemea.

"Kaka, kwangu ni wapi hapa?"

"Kwako hapapo, mama mwenyekiti. Hapa ni Unyamwezini."

"Jirani yupo, mie sipo?"

"Nyumba yake nimeiiga tu."

"Yake umeiiga. Yangu yenye vigae hukuiona." Akachukua mkoba wake. "Basi mjue na siye tuna macho." Hakutoa tamko lolote.

Jioni ile dada alikula, kisha akasukuma sahani.

"Ihamishe."

"Ihamishe nini?"

"Reli. Si umeiweka wewe? Ing'oe ipite kwingine."

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Reli iliingia kituoni kutokea upande ule, mkono wa kushoto, baada ya ile kona ambapo ulikuwa unaanza kusikia honi kabla ya kuona chochote. Hicho ndicho nilichokuwa nakijenga, ile kona. Ukiihamisha, kitakachobaki ni kijengo na tangi, ambavyo viko kila mahali.

"Kituo hicho nimekulia mimi kabla yako," dada akasema. "Nimefua jukwaani pale. Wewe ulikuwa unalala tu. Nakuambia reli ilipita popote. Mimi nataka bajaji."

Sitajisifu. Nilikaa siku kadhaa nikiwa na kinyongo, na begi langu nililitoa chini ya kitanda. Niliwaza kwamba nikiondoka na meza ikachomwa moto, mambo yatatulia. Lakini nilishaanza kuwajua hawa watu. Ningeivunja, wangesema nimeharibu ushahidi. Ningeibandua ile nyumba ya katoni, jirani angesema ameshapangiwa tarehe ya kuvunjiwa, angeongeza kichumba cha pili. Dada alikuwa amesema sawasawa, kama kawaida yake, jambo linaloudhi kwa ndugu. Nyumba ilibidi ibaki, na reli iende zake.

Niling'oa kona kwa koleo. Spoki zilikuwa zimeshika vizuri, nilikuwa nimezigandisha kwa upendo. Reli mpya niliipitisha ukingoni kabisa mwa meza, ikaingia kituoni kwa mkono wa kulia, upande ambao treni haikuwahi kutokea tangu kituo kijengwe. Nikalibandua paa la bluu, nikalinyoosha, nikalirudisha safi bila alama. Nyumba ya jirani ikabaki peke yake katikati ya uwanja mpana, imezungukwa na miti ya dodoki, salama. Hakuna kinachomuuma mtu wa mji huu kama nyumba yake kuwa salama wakati anaamini wenzake watalipwa.

Dada alimtumia salamu kwamba nyonga inamsumbua, aje amwone. Akaja na machungwa. Hakufika hata kwenye kochi.

"Imehama," akasema.

"Nimeihamisha, mzee."

"Nani kaamua?"

"Mimi mwenyewe. Nimeona ikae pale."

Nilimwambia ukweli mtupu, kama nilivyomwambia siku zote, na siku hiyo aliusadiki. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alinivuta pembeni, akanong'ona huku akiangalia mlango wa chumba cha dada.

"Haiwezi kurudi? Hata kidogo?"

"Hapana, mzee."

"Isipite kwenye nyumba. Ipite hata kwenye choo. Choo changu ni cha kisasa, mdogo wangu, kina vigae."

Nakiri mbele ya Mungu, nilimwonea huruma kwa muda wa kumeza mate. Kisha sauti ya dada ikatoka chumbani, ile ya darasani: "Mzee, na ukuta wetu vipi?"

Aliweka machungwa chini akaondoka. Ukuta ulivunjwa kabla ya wiki kuisha. Si kwa ajili ya ahadi, na wala si kwa ajili ya mgonjwa; ni kwamba tofali zilikuwa bado mpya na dukani kwake zinauzika. Kichumba kilikwenda, ule ukuta wa zamani ukaenda nacho kwa kuwa mafundi wake walikuwa wameufungamanisha, na tofali zake nazo zikapata mnunuzi. Mipapai ilikauka yenyewe. Mama mwenyekiti alikuja kufungua njia kwa hotuba, akashukuru uongozi wake.

Bajaji ya kwanza ilifika mlangoni asubuhi ya kliniki. Dada alikataa kushikwa. Alishuka ngazi ya baraza kwa fimbo yake, akaingia, akapanga gauni, akaweka mkoba mapajani na kutazama mbele kama abiria yeyote anayesubiri dereva aache maneno. Pale kona jirani alikuwa amesimama mbele ya msingi wa ukuta wake, anampa dereva taarifa kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia: kwamba reli ilikuwa ipite hapa hapa, kwamba yeye aliiona kwa macho yake, na kwamba mwalimu na mdogo wake walimhonga mtu mkubwa ikahamishwa, ili tu wapate njia ya bajaji.

Dereva aligeuka kumtazama dada kwa heshima mpya.

"Kweli, mama?"

"Ndiyo," dada akasema. "Twende."